Ruzuku ya mbolea na mkulima wa mtama

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue mpango wa mbolea ya ruzuku jijini Mbeya, kwenye sherehe za Nane Nane za mwaka 2022, wakulima wa mtama na uwele huku Bahi na Chamwino, mkoani Dodoma, wamekuwa wakiuliza fungu lao liko wapi, na naona swali hilo linastahili jibu la kina kuliko wanalopewa.

Mpango wenyewe nauheshimu. Bei ya mbolea ilianza kupaa mwaka 2021, vita vya Ukraine vikaizidisha, na mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ukavuka shilingi 100,000 kabla ya ruzuku kuushusha hadi 70,000 msimu wa 2022/2023. Mkulima huandikishwa kijijini, hupewa namba yake, na kwa namba hiyo hununua mbolea kwa wakala, kisha Serikali humlipa msambazaji kiasi kilichobaki. Utaratibu huu ni safi kuliko vocha za karatasi zilizoanza msimu wa 2008/2009, ambazo zililalamikiwa sana.

Lakini maana yake ni kwamba ruzuku humfikia yule tu aliyeweza kwanza kutoa fedha yake ya mfuko. Mwezi Novemba, wakati wa kuandaa mashamba, kaya nyingi za huku zimekwisha kuuza mavuno ya Juni, na fedha iliyobaki ni ya chakula na sare za watoto. Hata aliye nayo ana sababu ya kusita. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, kwa kawaida hazifiki milimita 700 kwa mwaka, na mara nyingi hukatika Januari au Februari, mimea ikiwa bado michanga. Mkulima wa Njombe akiweka mbolea ana matumaini makubwa kwamba mvua itaifikisha kwenye mizizi; wa Bahi huenda akaifukia fedha yake kwenye udongo mkavu. Nimesikia watu wenye dhamana wakiita kusita huko ujinga, na kauli hiyo iliniuma, kwa sababu hiyo ni hesabu ya mtu anayelijua shamba lake.

Kinachohitajika huku ni mbegu bora zinazowahi kukomaa, kama mtama aina ya Macia, ziwe zimefika kwa mawakala wa vijijini kabla ya mvua za kwanza. Jambo hilo linawezekana, maana Serikali imekwisha kutoa ruzuku kwa mbegu za alizeti, na baadaye za mahindi. Samadi nayo imejaa mazizini kwa Wagogo. Kinachokosekana ni mkokoteni au trekta la kuifikisha shambani. Daftari la wakulima linaonyesha nani analima nini na ekari ngapi, hivyo Wizara ya Kilimo, ambayo ofisi zake ziko hapa hapa Dodoma, inaweza kumwekea mkulima wa mtama mbegu na usafiri wa samadi kwa namba ileile anayonunulia mbolea.