Utepe wa shada

Jana jirani kaangusha mvinje wake ule wa ukutani, na ile harufu ya majani mabichi ilivyoingia dirishani nikaacha vyombo kwenye beseni nikakaa chini. Mvinje kwangu ni baba. Ni Oktoba 2010, joto la Mtwara lile la kabla ya mvua, watu wako mashambani wanaokota korosho, na sura ya mzee imebandikwa kila ukuta wa kata.

Mnajua alivyoanza, miche ya bogenvilia na asumini kwenye makopo ya rangi njia ya Mikindani, baadae maua ya harusi, waridi zinakuja na basi toka Dar kwenye boksi nusu zishanyauka. Maji yakikatika tunabeba ndoo. Nadhani ni hayo maji ndo yalimtia kwenye siasa, alilalamika mpaka watu wakamwambia basi si uchukue fomu ya udiwani wewe. Akachukua, kura za maoni akapita.

Wiki ya mwisho, uchaguzi Jumapili tarehe 31, mpinzani wake akafiwa na mama mzazi. Watu wa Masasi wale, Wakristo, wakaja kwetu kuagiza shada. Baba akakataa hela.

Usiku ule umeme hakuna, tuna taa ya chemli. Kakaa kwenye kigoda, kakunja waya duara, akazungushia maganda makavu ya mgomba, akakaza kwa kamba ya katani, afu akawa anachomeka vijiti vya mvinje kimoja kimoja, vyote vinalala upande mmoja kama manyoya ya ndege. Vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Mi kazi yangu utepe, nilikuwa kidato cha tatu na mwandiko mzuri. Nikaandika pumzika kwa amani, chini jina la baba, na chini yake, kwa akili yangu mwenyewe, MGOMBEA UDIWANI. Nikampa nikiwa na furaha kabisa.

Akausogeza kwenye taa, akausoma. Hakufoka. Akaukunja mara mbili akautumbukiza kwenye ndoo ya maua, rangi ikaanza kuachia taratibu, na mi naangalia jina lake linavyopotea kwenye maji.

"Yule mama hapigi kura Jumapili, mwanangu. Andika jina lake yeye tu."

Nikaandika, mkono unatetemeka.

Shada likaenda bila jina letu, ila mtaa ni mtaa, kesho yake kila mtu kashajua, na makaburini mpinzani alimshika baba mkono mbele ya watu wote. Jumapili baba akashinda kwa kura chache. Wapo waliosema ni lile shada.

Miaka mitano ikaenda. Vikao vya baraza, watu mlangoni tangu alfajiri, na kila msiba wa kata unasubiri shada la diwani, la bure, mpaka mtaji ukaisha. Bomba la mtaa wetu alilipigania likatoa maji, siku mbili kwa wiki.

Mwaka jana nikamuuliza kama alijua watu watajua tu. Alikuwa anapogoa asumini, akanyamaza mpaka nikadhani hajanisikia.

"Nilijua," akasema. "Sasa ningewanyima shada?"

Afu akaniomba nimsogezee ndoo.