CAR na CDR nyumbani kwao

Kwa miaka mingi nimeandika CAR na CDR, amri mbili za lugha ya programu iitwayo Lisp, bila kujua ninasema nini. Nilizikariri tu: CAR ni kichwa cha orodha, CDR ni kilichobaki. Jumamosi usiku nilizifuata hadi kwao.

Kwao ni chuo cha MIT, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye kompyuta ya IBM 704. John McCarthy alikuwa ameieleza Lisp kwa hesabu. Steve Russell ndiye aliyeigeuza ikawa programu inayokimbia kwenye mashine. Laptopu yangu ina programu inayoiga IBM 7094, mashine iliyokuja baada ya 704, na humo toleo la Lisp 1.5 linafanya kazi.

Neno moja la kumbukumbu la mashine hizi, yaani kipande kimoja cha kuhifadhia, lina biti 36, kila biti ikiwa 0 au 1. Ndani yake mna vyumba viwili vya biti 15 kila kimoja, adresi na dekrementi. CAR ni kilichomo kwenye adresi, CDR ni kilichomo kwenye dekrementi. Basi! Na biti 15 zinatosha kutaja maneno 32,768, yaani kumbukumbu nzima, kwa hiyo neno moja linaweza kuyashika mengine mawili, na hayo yakashika mengine. Hiyo ndiyo orodha. Tena adresi iko upande wa kulia wa neno, ilhali michoro yote niliyosomea huiweka CAR kushoto. Nilikaa nikiitazama hiyo kwa muda mrefu.

Nikaandika, kwa herufi kubwa kama ilivyokuwa desturi ya kadi za matundu, zile karatasi ngumu zilizotobolewa ili mashine isome programu:

CAR ((NAZI MCHELE CHUMVI))

Ikanijibu NAZI. Nilifurahi kama mtoto.

Jaribio la pili nilisahau bano moja la kufunga. Mashine ikaendelea kusoma, ikameza na mstari uliofuata, ikidhani bado tumo ndani ya orodha ileile. Hapo nikaelewa kwa nini kadi ya mwisho ya programu iliandikwa hivi:

STOP))))))))

Mabano yale yote yanafunga chochote kilichoachwa wazi, ili makosa ya mtu mmoja yasile kadi za anayemfuata. Mimi nilisahihisha kwa sekunde chache. Waandishi wa programu wa enzi zile walirudisha kadi zao kwenye foleni, wakasubiri upya, kwa bano moja.