Nilivyoingizwa mjini na "mara 525": habari ya lenzi za darubini

Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya namba, sifichi. Boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba inakuza mara 525, ubavuni kuna picha ya Zohali inang'aa kama sufuria mpya, nikajua hapa nimemaliza kazi. Kioo chake upana mm 76, urefu wa fokasi (toka kioo mpaka pale picha inapojikusanya) mm 700, ndani kuna lenzi tatu za kuchungulia, ya mm 20, ya 12.5 na ya 4, na kile kimrija cha Barlow cha x3, kinachozidisha ukuzaji wa lenzi mara tatu. Na hesabu yao wala si ya uongo, ndo maana inauma, 700 gawanya kwa 4 ni 175, zidisha kwa 3 inakuja 525. Ila hakuna aliyeniambia kwamba kioo cha mm 76 hata hewa ikitulia vipi kinahimili kama mara 150 tu (chukua upana wa kioo kwa milimita zidisha mara mbili, hapo ndo mwisho wa reli), ukizidisha hapo unakuza ukungu.

Usiku wa kwanza mama mkubwa alikuwa kaja kutusalimia, nikamwita uani, njoo uone Mushtari. Kainama, kashika kanga isimdondoke, kimya kidogo, halafu kaniuliza: "Mbona naona kope zangu tu mwanangu?" Nikacheka, nikachungulia mwenyewe, na kweli ni kope, na nyuma ya kope kuna kitu kama taa ya bodaboda asubuhi ya ukungu, na hicho nacho kikatoka. Dunia inazunguka, sasa ukikuza kiasi kile kwenye kitundu kile sayari inapita toka ukingo mpaka ukingo hata nusu dakika haifiki, yule mzee mpaka ainame vizuri ishaondoka.

Basi tuelewane, ile namba kwenye lenzi inafanya kazi kinyume na wengi wanavyodhani. Namba ndogo ndo inakuza zaidi. Unachukua urefu wa fokasi wa darubini unagawanya kwa namba ya lenzi, basi. Sasa hivi natumia darubini ya kioo cha mm 130 yenye fokasi 650, ilikuja na lenzi mbili, ya 25 inanipa mara 26 na ya 10 inanipa mara 65. Na kabla hujanunua chochote pima upana wa shingo ya lenzi kwa rula, nyingi siku hizi ni inchi moja na robo, kama mm 31.7, ila darubini za zamani ndogo zina ya mm 24.5 na hizo haziingiliani, nishaona mtu kaagiza kasubiri mwezi mzima halafu lenzi inacheza humo ndani kama jino bovu.

Ushauri wangu kwa anayeanza: ile ya 25 usiibadilishe, inatosha. Watu wana haraka ya kutupa vyote vilivyokuja na boksi, lakini ya 25 mara nyingi huwa nzuri tu, Kilimia inaenea yote, Omega Centauri, lile rundo kubwa la nyota, mwezi wa sita ikiwa juu upande wa kusini unaona donge la unga unga limejaa, raha tupu. Inayotia aibu kwa kawaida ni ile ya 10, hiyo ndo ya kubadilisha kwanza. Mimi nilichukua ya 6 yenye uwanja (upana wa unachokiona ukichungulia) wa digrii 66, inanipa mara 108, mwezi mpevu mzima unaingia na nafasi kidogo inabaki, Mushtari naiona mikanda yake miwili bila kubishana na mtu. Nilitaka na ya 4 mpya nikajizuia. Hewa yetu ya pwani usiku mwingi haitulii, joto la mabati na zege linapanda, sayari inacheza kama iko chini ya maji, mara 160 unaitumia siku za kuhesabu.

Kuna jamaa alinitext Novemba 2025 analalamika lenzi yake mpya mbovu, eti Zohali haina pete, ina kamstari tu katikati. Lenzi haikuwa na kosa! Mwaka ule pete zilikuwa zimetugeuzia ubavu, nyembamba kama uzi. Nikamwambia kaa nayo, zitafunguka.

Kama unavaa miwani kama mimi hapa sikiliza vizuri. Plössl, ule muundo wa lenzi wa yule fundi wa Vienna wa mwaka 1860 ambao bado ndo unauzwa kila mahali, ni mzuri na bei yake ya kibinadamu, lakini kadri namba inavyopungua ndo jicho linatakiwa lisogee karibu zaidi, ya 10 inataka jicho likae kama mm 7 tu toka kwenye kioo, na miwani haipiti hapo. Tafuta zinazoruhusu mm 15 na kuendelea. Kama shida yako ni kuona mbali au karibu tu, vua miwani ufokasi upya, darubini inakurekebishia yenyewe, ila kama una astigmatizimu (jicho halijapinda sawasawa pande zote) kama yangu hapo huna ujanja, hasa kwenye lenzi za namba kubwa.

Zile lenzi za Nagler, zenye uwanja mpana wa digrii 82, nishachungulia mara moja, ni kama mtu kakutoa dirishani kakuweka nje barazani. Bwana Nagler aliyezibuni kabla ya hapo alitengeneza lenzi za mitambo ya kuwafundishia wanaanga wa Apollo, kwa hiyo haishangazi. Bei ndo inashangaza. Pita.

Kingine ni kuvu. Tanga hii, lenzi ukiifungia kwenye kimkoba baada ya umande kuishika, miezi michache unakuta nyuzi nyuzi ndani kama utando wa buibui na hazifutiki. Mimi zangu naziacha zikauke kwanza, halafu naziweka kwenye kopo la plastiki lenye vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu. Na usifute kwa tisheti jamani.

Ile ya 4 ya zamani bado ipo kwenye droo, sijui naiwekea nini. Ya 20 ya lile boksi la kwanza aliichukua fundi simu wa hapa mtaani, kaigeuza kichwa chini miguu juu anaangalizia bodi za simu, anasema inashinda lenzi yake ya zamani, na mama mkubwa alipompelekea simu yake akapewa achungulie. Karudi ananiambia hiyo ndo darubini, siyo ile yako.