Ukurasa wa kanga za shangazi: wiki ya rangi

Waliofuata tangu mwanzo wanajua ninachojenga: ukurasa wa mtandaoni wa kuhifadhi majina, yaani misemo iliyoandikwa, ya kanga 63 zilizomo kwenye sanduku la shangazi yangu, hapa Ngamiani, Tanga. Picha zimekwisha na maneno nimeyanakili yote. Wiki hii nimeshinda kwenye rangi tu, na imenichosha kuliko kupiga zile picha.

Jumamosi. Nilianza na kanga ya rangi ya chungwa, maana ndiyo aipendayo. Mandharinyuma nikaipa chungwa, maandishi meupe. Usiku chumbani ilipendeza kweli. Kesho yake, saa saba mchana, nikampelekea simu uani alikokuwa akichambua mchele. Akaikinga kwa kiganja, akaisogeza mbali, akairudisha karibu.

"Mwanangu, hii kanga jina lake liko wapi?"

Jina lilikuwepo, WEMA HAUOZI, katikati kabisa ya kioo.

Macho yake hayana kosa. Muongozo wa WCAG, wa kufanya kurasa za mtandaoni zisomeke na kila mtu, unaotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, hupima tofauti ya mwanga kati ya maandishi na kilicho nyuma yake. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Rangi juu ya rangi ileile ni 1 kwa 1. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafike angalau 4.5, makubwa 3. Nyeupe yangu juu ya chungwa, ambalo namba yake ya rangi kwenye kompyuta ni #FFA500, haikufika hata 2. Nikageuza maandishi yakawa meusi, chungwa nikaliacha lilivyo, hesabu ikapanda kupita 10. Kinachopimwa si uzuri wa rangi bali mwanga wake, na katika hesabu hiyo kijani hubeba 0.7152, nyekundu 0.2126, buluu 0.0722 tu. Chungwa lina kijani kingi ndani yake, kwa hiyo linang'aa kuliko tunavyolidhania, na nyeupe humezwa humo.

Jumatatu usiku. Kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, kanga ya harusi, na kwangu mimi hakuna iliyo nzuri kuizidi. Mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, nikaupa nyekundu na maandishi meupe. Kisha kile kisanduku cha jina nikakipa mandharinyuma nyeupe, kama kilivyo kwenye kitambaa. Jina likatoweka. Nilikagua herufi, nikakagua ukubwa, nikafungua kivinjari kingine, wapi! Mpaka nikaburuta kidole juu ya kisanduku ili kuteua maandishi, na maneno yakajitokeza kwenye ile buluu ya kuteulia: nyeupe juu ya nyeupe.

Hapa ndipo penye siri ya CSS, lugha ya kupangia rangi na mwonekano wa ukurasa. `color`, yaani rangi ya maandishi, hurithiwa: kilichomo ndani huichukua kwa mzazi wake. `background-color` hairithiwi, isipoandikwa huwa ni uwazi tu, na unachokiona ni rangi ya mzazi inayopenya. Kisanduku changu kilirithi maandishi meupe ya mji, kisha mimi mwenyewe nikakitandikia nyeupe chini. Tangu usiku huo siandiki moja bila nyingine. Mistari hiyo miwili inakaa pamoja, ya kwanza na ya pili, kila mahali.

Nyekundu nayo nimeishusha. #FF0000 pamoja na nyeupe inaishia 4 hivi, haitoshi kwa maandishi madogo. Tarakimu sita hizo ni jozi tatu, nyekundu, kijani, buluu, kila jozi kuanzia 00 hadi FF, yaani 0 hadi 255. Nikapunguza jozi ya kwanza mpaka #B00000, ikavuka 7, na kusema kweli imekaribia wekundu wa kitambaa chenyewe kuliko ile ya mwanzo.

Alhamisi. Kila kanga sasa ina rangi zake zilizopewa majina mara moja juu ya faili: `--pindo`, `--mji`, `--jina`. Nikibadilisha pale, kanga nzima inabadilika.

Saa saba nikarudi uani na simu. Safari hii shangazi hakuikinga. Akasoma kisutu kwa sauti, akateremka ya pili, ya tatu, akanisimulia ya tatu alipewa na nani na kwa nini hakuivaa mwaka mzima. Sikuwa na daftari. Nimeyaandika hayo jioni, na yatahitaji nafasi chini ya kila picha, yenye rangi zake mbili.

Zimekamilika 19, zimebaki 44.