Arosto, methadoni na birika la msikiti

Kitu cha kwanza nilichoiba msikitini ni makubadhi ya mzee mmoja jirani yetu. Ilikuwa Ijumaa, khutuba inaendelea ndani, nami niko mlangoni najikuna, makamasi yanichuruzika, arosto, yale maumivu ya kukosa heroini, imeshanianza. Niliyauza soko la Kongowea, Mombasa, kwa bei ya kete moja ya heroini. Yule mzee alirudi nyumbani pekupeku, na jioni akanisalimia kama kawaida. Mpaka leo sijui kama alijua.

Unga huo nilitumia miaka tisa. Mwanzo nilivuta, mwisho nikajidunga. Mamangu aliamini nina jini, basi nikasomewa, nikanyweshwa kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi. Nililinywa kwa adabu zote, na magharibi hiyohiyo nikawa maskani, kijiwe chetu cha kutumia unga. Silidharau kombe. Kosa lilikuwa langu, kwani nililitaka linifanyie kazi yote.

Mara ya pili ami yangu alinifungia chumbani. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya: kutapika, kuhara, mifupa kama inasagwa, usingizi hakuna. Niliomba dua zote nilizofundishwa madrasani. Siku ya nane nikatoka, mama akapika pilau, watu wakasoma maulidi. Wiki tatu baadaye nikarudi kwa wenzangu, nikajidunga kipimo changu kilekile cha zamani. Hilo ndilo linaloua wengi: ukikaa bila unga mwili huacha kuuzoea, lakini mkono unakumbuka kipimo. Niliwahishwa hospitali pumzi imebaki ndogo.

Aliyenigeuza ni maalim aliyenifunza Juzuu Amma nikiwa mtoto. Alinikuta nimejikunyata kando ya msikiti, akachutama, hakuniwaidhi.

"Mwanangu, hata ulevi haukuharamishwa kwa siku moja. Kwanza watu waliambiwa madhara yake yashinda manufaa yake. Kisha wakaambiwa wasiikaribie sala hali wamelewa. Mwisho ndipo ukakatazwa kabisa. Na Mtume ametwambia tujitibu, kila ugonjwa una dawa yake. Sasa wewe dawa yako iko kliniki, wangojani?"

Dawa yenyewe ni methadoni, anayopewa teja badala ya heroini. Ilikuwa imeshaingia Kenya tangu mwisho wa 2014, ikaanzia Nairobi kisha Malindi, lakini maskani tulikuwa tukitishana kwamba inamaliza nguvu za kiume. Msikitini nako wako waliosema ni kutoka unga kwenda unga. Ukweli ni kwamba ni dawa ya maji, unainywa kila siku mbele ya mhudumu, inakaa mwilini muda mrefu kuliko heroini, na kwa kipimo sawa arosto haiji wala hulewi. Ilichukua wiki kadhaa kukipata kipimo changu.

Sasa ikabaki shida ambayo hakuna aliyeniambia: mchana. Teja hana nafasi. Asubuhi anatafuta pesa, halafu anatafuta muuzaji, halafu anapata stimu, halafu anaanza upya. Mimi nilikuwa nishakunywa dawa yangu saa mbili asubuhi, na siku nzima iko mbele yangu kama bahari. Hapo ndipo sala iliponishika mkono. Baina ya adhuhuri na alasiri palikuwa pagumu zaidi, kwa hivyo maalim akanipa ufagio na kazi ya kujaza birika, lile tangi la maji ya udhu. Sikuwa nikihesabu siku. Nilihesabu adhana iliyo mbele tu.

Na udhu! Mtu niliyekuwa nikikaa wiki bila kuoga, sasa natawadha mara tano. Huwezi kuosha mikono mpaka viwikoni kila siku ukayaepuka makovu ya sindano. Miezi ya kwanza nilikuwa nangoja wengine waingie ndani, ndipo nikunje mikono ya kanzu.

Ramadhani ya kwanza ilizua vita nyumbani. Mama alitaka niache dawa nifunge. Daktari akakataa katakata, na maalim akamsomea mama aya ya Suratul Baqara inayompa mgonjwa ruhusa. Kwa kuwa dawa yangu haikuwa na mwisho unaojulikana, akaniambia nilishe maskini kwa kila siku. Mama akanyamaza siku mbili. Ya tatu akapika mbaazi, mihogo ya nazi na viazi karai, akavitia kwenye bakuli, akaniambia nipeleke maskani. Hakuniamini peke yangu, akanifuata na buibui lake mpaka pale, akasimama akiwangoja mateja wale mpaka wamalize, kisha akarudi na vyombo vyake. Alifanya hivyo mwezi mzima.

Sasa ni mwaka wa nne, dozi inashushwa polepole, na birika bado najaza mimi. Ijumaa iliyopita nilitoka msikitini nikakuta ndara zangu hazipo. Nilitembea juu ya lami ya moto mpaka nyumbani, nikamweleza mama. Alicheka mpaka akakaa chini barazani.