Meka yangu iliyogongwa kitako

Nauza unga wa mahindi katika soko la mtaa uitwao Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Kipimo chetu ni meka, lile kopo la bati analolijua kila mama anayepika bukari, yaani ugali. Mwaka mmoja unga wa Zambia ulikwama mpakani Kasumbalesa, bei ikapanda, nami nikampa fundi meka yangu aigonge kitako kwa nyundo kiingie ndani. Mfuko wa kilo 25 uliokuwa ukinipa meka 10 ukaanza kunipa 11. Bei ilishuka baadaye, lakini kitako nilikiacha vilevile kwa miaka miwili.

Miaka hiyo yote niliimba kwaya. Nilifunga, niliomba, nililia kila Jumapili ya Meza ya Bwana, na machozi yale yalitoka moyoni kweli. Jumatatu nilishika meka ileile.

Kilichonivunja ni binti yangu wa miaka tisa. Jumamosi moja alinishikia biashara, nikamwona kila akimimina unga anabakiza konzi moja ndani ya meka, mnunuzi asione bati lilivyobonyea. Sikuwa nimemfundisha. Alikuwa ameniangalia tu.

Usiku ule nilisoma Luka sura ya 3, pale watoza ushuru wanapomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Anawajibu wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Jibu lenyewe ni la sokoni kabisa! Asubuhi nilinunua meka mpya, ile ya zamani nikaikanyaga mpaka ikawa bapa.

Nilidhani nimemaliza. Nilipompelekea pasta bahasha ya pesa, aliisukuma kwangu. "Mama, wenye unga wangali hai na unawajua. Anza nao." Akanifungulia Walawi 6: aliyedhulumu arudishe kitu chote, aongeze na sehemu ya tano.

Basi nikatoa daftari la madeni. Walionikopa unga nilikuwa na majina yao, familia 17. Nyumba inayonunua meka tatu kwa wiki ilikuwa imenunua kama 312 kwa miaka miwili, na katika kila 11 ilikosa moja. Hiyo ni meka 28, na sehemu ya tano ikafika 34. Nilikaa chini nikaogopa. Mtaji wangu wote ulikuwa mifuko sita. Nikaamua kulipa kidogokidogo, meka moja kwa kila nyumba kila wiki, na kwanza niende mlango kwa mlango niseme nilichofanya, watu wasije wakadhani nawapa matabishi, yaani nyongeza ya bure. Wasio kwenye daftari sikuweza kuwapata, na hilo bado linaniuma.

Wengi walinyamaza. Wawili walinitukana, wakaacha kununua kwangu. Lakini nkambo mmoja, mzee anayelea wajukuu, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Mimi nilimfukuza mkamwana wangu. Nilisema anaiba unga, kwa sababu meka ilikuwa haitoshi kamwe. Alirudi kwao Kipushi."

Hapo nilielewa kwamba hesabu yangu ya meka 34 haikugusa deni lenyewe.

Sikulala. Kesho yake nilipanda basi kwenda Kipushi nikiwa na yule nkambo, ingawa njiani hakunisemesha. Yule mkamwana tulimkuta akifua. Nilipiga magoti kwenye matope nikamwambia mwizi wa unga ni mimi. Aliendelea kukamua nguo. Halafu akauliza: "Mama, utasema hayo mbele ya majirani walioniona nikitolewa na mizigo?" Nikamjibu nitasema.

Niliyasema Jumapili iliyofuata jioni, uani kwa nkambo, mbele ya majirani na mume wangu ambaye alikuwa hajui lolote. Mume wangu alikasirika wiki nzima. Kulipa unga kulinichukua miezi minane, na ada ya shule ya muhula mmoja tuliilipa kwa kuchelewa.

Mkamwana alirudi mwezi uliofuata. Nkambo bado ananunua kwangu. Kila akija, kabla sijapima, anaingiza mkono ndani ya meka na kupapasa kitako polepole kwa vidole, na mimi humngoja mpaka amalize.