Faili Iliyorudi Mara Tatu

Mwaka 2022 nilikuwa ofisi ya ununuzi katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Kenya. Mwezi Mei ikaletwa memo ya idara ya TEHAMA: mshauri aliyetujengea mfumo wa usajili na karo mwaka 2016 apewe kazi ya kuuhamishia kwenye seva mpya, bila zabuni kutangazwa. Siku 84 kwa shilingi 60,000 kwa siku, jumla 5,040,000. Sababu iliyoandikwa ilikuwa dharura, eti wanafunzi wapya wanaingia Septemba.

Wanafunzi wapya huingia kila Septemba. Kifungu cha 103 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kinachohusu ununuzi wa moja kwa moja bila ushindani, kinakubali dharura ambayo haikuweza kuonekana mapema wala haikuletwa na uzembe wa mnunuzi mwenyewe. Na kwenye folio ya 6 ya faili ileile kulikuwa na barua ya idara hiyohiyo, ya mwaka uliotangulia, ikionya kwamba seva zimechakaa. Memo ikarudi.

Ikaja ya pili: ni yeye pekee awezaye. Hii ndiyo sababu inayopendwa zaidi, na ndiyo inayohitaji ushahidi mwingi zaidi. Tukautoa mkataba wa 2016 kwenye masjala. Ulisema msimbo na nyaraka zote za mfumo ni mali ya chuo. Kumbe nyaraka hazikuwahi kukabidhiwa na hakuna aliyezidai. Malipo ya mwisho yalitoka hivyohivyo. Upekee wake tuliutengeneza wenyewe.

Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi na sifa za mtu anayetakiwa, nazo zilinitia shaka. Zilitaka mtu mwenye uzoefu wa miaka sita na mfumo wetu, jambo ambalo lingempata mtu mmoja tu duniani. Nikafungua sifa za faili kwenye kompyuta: jina la mwandishi lilikuwa la kampuni ya mshauri.

“Prof, hii haipiti,” nikamwambia mkurugenzi wa TEHAMA. “Hadidu ziandikwe na idara, zitaje kazi, zisitaje mtu.”

Njia iliyobaki ilikuwa aya ya (d) ya kifungu hichohicho cha 103: huduma ya nyongeza kutoka kwa aliyetoa ya kwanza, ili ioane na iliyopo. Wengi huinukuu nusu na kuishia kwenye neno kuoana. Aya inataka mambo manne zaidi: ununuzi wa kwanza uwe ulikidhi haja, huu mpya uwe mdogo ukilinganishwa na ule, bei iwe ya haki, na mbadala usifae. Mkataba wa kwanza ulikuwa milioni 11.6. Milioni tano mbele yake si kidogo.

Tulipoichambua kazi, siku 24 kati ya zile 84 zilikuwa mafunzo ya watumishi, hotelini Naivasha bila shaka. Kufundisha karani kutumia skrini hakuhitaji aliyeandika msimbo. Hilo likatolewa likashindaniwe, kama kazi tofauti yenye mstari wake katika mpango wa ununuzi, tusije tukaambiwa tumegawanya zabuni ili kukwepa ushindani. Zikabaki siku 60.

Kisha ukafuata utaratibu wa kifungu cha 104: mshauri akapewa hati ya zabuni kama mzabuni yeyote, na kamati ya muda ikateuliwa kujadiliana naye. Tuliingia na karatasi moja: kiwango chake cha 2016, shilingi 40,000 kwa siku, na viwango tulivyokusanya sokoni. Alianza na 60,000 akashuka hadi 45,000. Jumla 2,700,000, na asilimia 30 izuiwe hadi nyaraka na nywila zote zikabidhiwe kwa orodha iliyotiwa sahihi. Maoni ya kitaalamu yakaandikwa, Naibu Chansela akaidhinisha kama afisa mhasibu, yaani anayewajibika kwa fedha za chuo, tukasubiri siku 14 baada ya taarifa ya tuzo, yaani ya kwamba amepewa kazi, ndipo mkataba ukatiwa sahihi.

Mwaka uliofuata mkaguzi aliiomba faili hiyo kabla ya nyingine zote. Kurasa za sababu alizipitia harakaharaka; kwenye ulinganisho wa bei akakaa, akipiga hesabu kwa kalamu pembeni mwa daftari lake. Hatimaye akaandika hoja moja: mjumbe mmoja wa kamati hakutia sahihi ukurasa wa pili wa kumbukumbu za majadiliano. Mjumbe mwenyewe alikuwa amekwisha kustaafu, yuko kwao Kitui. Dereva alitumwa na ukurasa huo ndani ya bahasha ya kaki.